Kompyuta ndogo ya Linux ya kuendesha mtandao wa nyumbani, mambo tunayodanganyana

Mtu akitaka kujitengenezea rauta yake swali la kwanza ni ramu ngapi, prosesa ina nguvu kiasi gani, na hapo ndo wengi wanapotea. OpenWrt, yaani Linux ya kuendesha rauta, inatembea vizuri tu na ramu ya MB 128, hata ukiongeza VPN ya WireGuard. Angalia kwanza poti ya waya! Raspberry Pi 3 B+ (Pi ni zile kompyuta za bodi moja ndogo) imeandikwa gigabit, yaani Mbps 1000, ila poti yake inapita kwenye USB 2.0, kwa hiyo inaishia Mbps 300 hivi, wakati Pi 4 iliyotoka 2019 inatoa gigabit kweli.

Eti lazima poti mbili, moja ya intaneti na moja ya nyumbani. Moja inatosha ukiwa na swichi yenye VLAN (inafanya waya mmoja ubebe mitandao miwili iliyotengana), au chomeka adapta ya waya kwenye USB 3.0, japo mimi hela ikiwepo nachukua yenye mbili.

"Chaja yoyote ya simu inafaa, si volti 5 tu?" Hii imenitesa jamani. Pi 4 yangu ilikuwa inajizima usiku, nyumba nzima haina intaneti, nikahangaika wiki nzima nafuta naweka upya nikijua tatizo ni programu, mpaka siku nikaandika amri ya vcgencmd get_throttled ikanirudishia 0x50000, yaani tangu iwashwe umeme umewahi kushuka na prosesa ikapunguzwa kasi. Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3, na ule waya mwembamba mrefu wa simu unakula volti njiani. Nimebadilisha chaja na waya, imetulia hadi leo.

Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, memori kadi inaweza kuharibika, so weka kaUPS kadogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) au tumia diski ya SSD.

Wengine wanasema chukua desktop la zamani, ni bure. Likila wati 80 mchana na usiku, mwezi ni uniti kama 58 za LUKU, bodi ya wati 5 ni uniti 3 na nusu hivi! Ila pia sio lazima Raspberry Pi, jumlisha chaja, kasha na kadi halafu linganisha na thin client used (kompyuta ndogo za maofisini) kama HP t620, ile inakaa na SSD ndani kabisa.

La mwisho ni waifai. Usitegemee ya kwenye bodi, antena yake ni ndogo mno, chumba cha pili tu inakuacha. Ile rauta yako ya zamani usiitupe, zima DHCP yake (ile kazi ya kugawa anwani za IP, iachie rauta mpya), chomeka waya kwenye poti ya LAN, iache isambaze waifai tu.