Anotesheni haifungui muamala: dhana potofu kuhusu aspekti na masuala mtambuka

Malalamiko ya watumiaji wa Spring, fremuwaki ya kuandikia programu za Java, huja kwa maneno yaleyale: “Tumeweka @Transactional, lakini nusu ya data imebaki kwenye hifadhidata. Spring ina kasoro.” Spring haina kasoro hapo. Kasoro ni imani kwamba anotesheni ndiyo inayofanya kazi, na imani hiyo wanayo hata watu walioandika Java kwa miaka mingi. Madhara yake huangukia kwenye data, ambako kusafisha ni kugumu kuliko kuzuia. Kwa hiyo tuanze na hiyo, na tukae nayo.

“Nikiandika @Transactional, metodi ina muamala”

Anotesheni, kama @Transactional, ni alama tu inayobandikwa juu ya metodi au klasi. Haifungui muamala (kundi la mabadiliko ya data yanayofaulu yote au yanayofutwa yote), haiandiki logi, haiweki kitu kwenye kache. Anayefanya kazi ni proksi: kitu ambacho Spring hukitengeneza programu inapowaka na kukiweka mbele ya kijenzi chako, yaani kitu chako kinachosimamiwa na Spring. Wanaoomba kijenzi hicho hupewa proksi. Proksi hufungua muamala, huita kitu halisi kilicho nyuma yake, kisha hukomiti (huthibitisha mabadiliko) au hurudisha nyuma (huyafuta). Kazi hiyo inayoizunguka metodi ndiyo aspekti, na mambo kama miamala, logi na kache, yanayohitajika kwenye klasi nyingi, ndiyo masuala mtambuka. Mwito usiopita kwenye proksi hauna muamala, hata metodi ikiwa na anotesheni kumi.

Sasa tazama klasi hii:

```java
@Service
public class HudumaYaMalipo {

    public void pokeaMalipo(Malipo m) {
        hakiki(m);
        hifadhi(m);
    }

    @Transactional
    public void hifadhi(Malipo m) {
        malipoRepo.save(m);
        salioRepo.save(salioJipya(m));
    }
}
```

Kontrola, klasi inayopokea maombi kutoka nje, inaita pokeaMalipo. Mwito unafika kwenye proksi, lakini pokeaMalipo haina anotesheni, hivyo proksi inaupitisha tu. Kuanzia hapo tumo ndani ya kitu halisi, na hifadhi(m) maana yake ni this.hifadhi(m). Hiyo this si proksi. Hakuna anayeiangalia @Transactional wakati huo.

Kosa hili hudumu bila kuonekana kwa sababu data inahifadhiwa. Metodi ya save ya Spring Data JPA, maktaba ya Spring ya kuhifadhi data, ina @Transactional yake ndani ya SimpleJpaRepository, kwa hiyo kila save inafungua muamala wake mdogo na kuukomiti. Mambo yakienda sawa, matokeo hayatofautiani. Siku save ya pili inapogonga kizuizi cha hifadhidata, malipo yamekwisha kukomitiwa na salio halijabadilika.

Majaribio nayo hulifunika. Ukiweka @Transactional juu ya klasi ya majaribio, jaribio lenyewe linafungua muamala na save zote mbili zinajiunga nao. Linafaulu kwa nguvu ya muamala ambao huduma yako haina. Jaribio la kuthibitisha muamala lisiwe na anotesheni hiyo kabisa. Liite huduma, lilazimishe save ya pili ishindwe, kisha lihesabu rekodi kwenye jedwali la malipo. Ikipatikana rekodi moja, muamala haukuwepo.

Sura mbaya zaidi ni ile ya REQUIRES_NEW, agizo la kuifungulia metodi muamala mpya wa peke yake. Mtu anataka rekodi ya ukaguzi ibaki hata kazi kuu ikishindwa, hivyo anaandika metodi ya rekodi yenye @Transactional(propagation = Propagation.REQUIRES_NEW) ndani ya klasi ileile na kuiita kutoka metodi kuu. Muamala mpya haufunguliwi. Rekodi inaandikwa ndani ya muamala wa metodi kuu, na kazi kuu ikirudishwa nyuma, rekodi inaondoka nayo. Yaani ushahidi wa kushindwa unapotea kila mara panapotokea kushindwa, na kila kazi inapofaulu ushahidi upo. Kosa la namna hii halitakuja lenyewe mbele ya macho yako.

Tiba ninayoipendekeza kwanza ni kuihamishia metodi kwenye kijenzi kingine. Watu hukataa kwa kuona klasi zinaongezeka, lakini mpaka wa muamala ni uamuzi wa usanifu na unastahili mahali pake panapoonekana. Ukiwa na sababu nzito ya kubaki kwenye klasi moja, tumia TransactionTemplate, klasi ya Spring ya kufungua muamala ndani ya msimbo wenyewe:

```java
transactionTemplate.executeWithoutResult(hali -> {
    malipoRepo.save(m);
    salioRepo.save(salioJipya(m));
});
```

Hapa hakuna kubahatisha. Muamala unaanza kwenye mabano na kuishia kwenye mabano, proksi iwepo isiwepo. Kijenzi kujidunga chenyewe kwa @Lazy, yaani kuomba proksi yake na kuiita, kunafanya kazi pia, ila msomaji anayekuja baadaye ataona sehemu ya ajabu na huenda akaifuta akidhani anasafisha. AopContext.currentProxy(), inayoomba proksi ya sasa, inahitaji exposeProxy = true, bila hivyo inatupa IllegalStateException, tena inaifunga klasi ya biashara kwa fremuwaki. Iepuke.

Njia ya mwisho ni kufuma kwa AspectJ, zana ya aspekti ya Java. Hapo msimbo wa aspekti unaingizwa ndani ya baitikodi (msimbo uliokwisha kukompailiwa) ya klasi yenyewe, ama na kompaila ya ajc ama wakati wa kupakia klasi kwa -javaagent:aspectjweaver.jar. Proksi haipo tena, hivyo mwito wa this unanaswa, na metodi za private pia. Gharama yake ni nidhamu ya uendeshaji: ukitegemea ajenti huyo, kisha seva moja ikawashwa bila yeye, programu inaweza kwenda kama kawaida huku aspekti zote zimelala. Timu isiyoweza kuhakikisha hilo isiingie huko.

Ukuta huohuo wa proksi una pembe nyingine. Metodi ya private au static hainaswi. Metodi ya final ni hatari zaidi: CGLIB, maktaba ambayo Spring huitumia kuunda proksi, hutengeneza klasi ndogo inayorithi klasi yako, na klasi ndogo haiwezi kuandika upya metodi ya final, kwa hiyo mwito unatekelezwa juu ya proksi yenyewe. Kwa kawaida proksi huundwa bila kuitwa konstrakta, sehemu zake zote ni null, na unapata NullPointerException kwenye kitu ambacho una hakika kilidungwa. Kwenye Kotlin klasi na metodi ni final zisipotangazwa vingine, ndiyo maana plagini ya kotlin-spring ni ya lazima. Kitu ulichokiunda mwenyewe kwa new hakina proksi. Mwito kutoka @PostConstruct (metodi inayoendeshwa kijenzi kikishaundwa) wa kijenzi chenyewe haupiti kwenye proksi. Na muamala umefungwa kwenye uzi (thread) uliouanzisha: ukitumia parallelStream ndani ya metodi yenye muamala, vipande vinavyoangukia nyuzi nyingine havimo kwenye muamala huo, ila vile vinavyobaki kwenye uzi wako vimo. Matokeo yanabadilika kila ukiendesha.

Kabla ya kulalamika, pima. Chapisha getClass() ya kijenzi ulichodungiwa. Ukiona $$SpringCGLIB$$, au $$EnhancerBySpringCGLIB$$ kwenye matoleo kabla ya Spring 6, proksi ipo. Hilo halithibitishi kwamba mwito wako umepita humo. Ndani ya metodi, chapisha TransactionSynchronizationManager.getCurrentTransactionName(). Kwa muamala wa anotesheni, jina hilo ni la klasi na metodi iliyoufungua. Ikiwa ni null, huna muamala wa anotesheni hapo. Ikiwa ni jina la metodi nyingine, umejiunga na muamala wa mwingine, na hapo ndipo utakapoliona lile kosa la REQUIRES_NEW. Ukitaka picha nzima, weka logi ya org.springframework.transaction.interceptor kwenye kiwango cha TRACE.

Ukuta huu wa proksi unazihusu @Cacheable (ya kuweka matokeo kwenye kache) na @Async (ya kuendesha kazi kwenye uzi mwingine) vilevile. Anayelalamika kwamba “kache haishiki” aanze kwa kutafuta this.

“Eksepsheni yoyote inarudisha muamala nyuma”

Hapana. Kwa chaguo-msingi ni RuntimeException na Error peke yake. IOException au eksepsheni yako inayorithi Exception moja kwa moja ikitoka kwenye metodi, muamala unakomitiwa. Andika rollbackFor = Exception.class ndani ya @Transactional, au kuanzia Spring 6.2 weka rollbackOn = RollbackOn.ALL_EXCEPTIONS kwenye @EnableTransactionManagement na umalize suala hilo kwa mradi wote.

“Mpangilio wa aspekti hauna shida, Spring itajua”

Spring haijui. Aspekti ya muamala ina kipaumbele cha mwisho kabisa, yaani 2147483647, na aspekti yako isiyo na @Order (anotesheni ya namba ya mpangilio) ina namba hiyohiyo. Zikilingana, usitegemee mpangilio wowote, hata kama leo unaonekana mzuri.

Kanuni: namba ndogo iko nje. Inaanza kwanza wakati wa kuingia na kumaliza mwisho wakati wa kutoka. Aspekti ya kujaribu tena lazima iwe nje ya muamala. Ikiwa ndani, jaribio la kwanza likishindwa kwenye PostgreSQL, muamala mzima umekwisha kuvunjika na kila amri inayofuata inakataliwa hadi muamala ufungwe. Utajaribu mara tatu, na mara mbili za mwisho hazikuwa na nafasi hata kidogo. Weka @EnableTransactionManagement(order = 100) na aspekti ya kujaribu tena @Order(50).

Hata hivyo haitoshi kama aliyeita metodi tayari ana muamala wazi. Hapo kila jaribio linajiunga na muamala uleule wa nje, na hata jaribio la baadaye likifaulu, mwisho wake ni UnexpectedRollbackException. Kujaribu tena kuwekwe pale muamala wa kwanza unapoanzia.

Angalia pia aspekti ya logi inayodaka eksepsheni na kutoitupa tena. Ikikaa ndani ya muamala, proksi ya muamala haioni kosa lolote na inakomiti kazi iliyoharibika. Aspekti ya logi iandike, kisha iitupe eksepsheni ileile.

“Kila kinachojirudia ni suala mtambuka”

Punguzo la bei likijirudia kwenye huduma tano, hilo ni hesabu ya biashara inayohitaji metodi moja yenye jina. Ukilificha kwenye aspekti, msomaji wa huduma ataona bei moja na mteja atatozwa nyingine. Jiulize: mtu akisoma metodi hii bila kujua aspekti ipo, ataielewa vibaya sheria ya biashara? Akielewa vibaya, usitumie aspekti. Logi, vipimo vya muda, miamala, ukaguzi wa ruhusa na kache hupita mtihani huo mara nyingi. Kodi, riba na punguzo hazipiti.

“Pointikati pana inaokoa kazi”

Pointikati ni kanuni inayochagua metodi zitakazonaswa na aspekti. execution(* com.mfano..*(..)) inanasa kila kitu, pamoja na metodi ya kuingia inayopokea nenosiri. Aspekti inayoandika hoja zote (thamani zinazopewa metodi) kwenye logi sasa inaandika manenosiri. Na pointikati inayotegemea jina la pakeji hufa kimya pakeji inapobadilishwa jina: kompaila ya AspectJ itatoa onyo la adviceDidNotMatch, lakini Spring haisemi lolote. Tengeneza anotesheni yako, kwa mfano @PimaMuda, na uinase kwa @annotation. Msomaji ataiona juu ya metodi, na ukiihamisha metodi inahama nayo.

“AOP ilikufa zamani”

Gregor Kiczales na wenzake wa Xerox PARC waliiwasilisha AOP, yaani uandishi wa programu kwa aspekti, kwenye mkutano wa ECOOP mwaka 1997, na AspectJ ikafuata. Anayesema imekufa huku msimbo wake umejaa @Transactional na @PreAuthorize (ya ukaguzi wa ruhusa) anaitumia kila siku bila kuisoma, na ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yaliyotajwa hapo juu.

“Proksi zinaifanya programu iwe nzito”

Mwito wa ziada kupitia proksi ni mdogo mno ukiulinganisha na safari moja ya kwenda kwenye hifadhidata. Kinacholeta uzito ni kile unachokiweka ndani ya aspekti, hasa kugeuza hoja kubwa kuwa JSON kwa ajili ya logi ambayo kiwango chake kimezimwa. Uliza isDebugEnabled() kwanza.

“@Around inaweza yote, basi tuitumie kila mahali”

@Around, inayoizunguka metodi nzima, ndiyo aina inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Ukisahau kuita proceed(), metodi halisi haitekelezwi. Ukiita bila kurudisha thamani yake, mwitaji anapata null, na kama metodi inarudisha int utapata AopInvocationException. Kama unachotaka ni kuandika kabla ya mwito, @Before inatosha, na haiwezi kukupotezea thamani ya kurudi.

Kupima muda kunahitaji @Around kweli, lakini uwe mwangalifu na metodi inayorudisha CompletableFuture, ahadi ya matokeo yatakayokuja baadaye. Hapo proceed() inarudi kabla kazi haijakwisha, na utaripoti milisekunde mbili kwa kazi ya sekunde nne. Kagua aina ya thamani iliyorudi. Ikiwa ni CompletableFuture, usisimamishe saa kwenye finally. Isimamishe ndani ya whenComplete, kisha urudishe ile iliyotoka kwa whenComplete.