Je, wajua kwa nini jiko la umeme huwekewa waya wake peke yake?

Birika la umeme unalichomeka kwenye soketi yoyote na maji yanachemka. Lakini kwa jiko kubwa la umeme lenye oveni, fundi anayeijua kazi yake hukataa katakata. Huvuta waya mnene kutoka kwenye bodi ya umeme moja kwa moja hadi jikoni, akaupa breka yake, yaani swichi inayojikata mkondo ukizidi, na hakubali kifaa kingine kiuchangie. Wenye nyumba wengi huona hiyo ni gharama ya bure. Sivyo hata kidogo.

Waya wowote una ukinzani kidogo, yaani huuzuia umeme usipite kwa urahisi, kwa hiyo umeme ukipita, waya hupata joto. Mwingereza James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Sasa piga hesabu. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea, kipimo cha mkondo. Kwenye umeme wa volti 230, birika la wati 2,200 huvuta kama ampea 9.6, na jiko la wati 7,000 huvuta kama ampea 30. Mkondo umezidi mara tatu na kitu, lakini joto ndani ya waya uleule limezidi karibu mara kumi. Ndiyo maana waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, unaozoeleka kwenye soketi, haulifai jiko hilo. Mara nyingi huhitajika wa 6, au wa 10 iwapo jiko ni kubwa zaidi au njia ni ndefu. Waya uliofukiwa ndani ya kizuia joto hupoa kwa shida, nao huongezewa unene.

Breka nayo hulinda waya, si jiko. Breka ya ampea 20 ikikata kila mara, kuiondoa na kuweka ya 32 huku waya ukibaki uleule ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele. Waya utachemka ndani ya ukuta na hakuna kitakachokata. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote akufanyie hivyo.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Jiko la wati 10,000 kwa hesabu ya moja kwa moja linataka ampea 43 na zaidi, lakini utalikuta limefungwa kwenye breka ya 32 na linafanya kazi miaka na miaka. Sababu ni kwamba vidhibiti joto huwasha na kuzima kila sahani ya kupikia kwa zamu, na ni nadra mpishi kuwasha kila kitu hadi mwisho kwa muda mrefu. Mafundi wa Uingereza wana kanuni yake kwa jiko la nyumbani: chukua ampea 10 za kwanza zote, ongeza asilimia 30 ya zinazobaki, kisha ampea 5 ikiwa swichi ya jiko ina soketi pembeni. Kwa jiko hilo la wati 10,000, bila soketi, hiyo ni kama ampea 20 tu. Marekani, ambako soketi za kawaida ni za volti 120, jiko hupewa volti 240, kwa kuwa nusu ya volti ingedai mkondo maradufu.

Hata waya ukiwa sahihi, skrubu iliyolegea kwenye kiungo inatosha kuharibu kila kitu. Mguso mdogo una ukinzani mkubwa, na joto lote hukusanyika pale. Plagi iliyogeuka kahawia kwenye mguu mmoja, au plastiki iliyolainika, tayari imeanza kuungua. Zima umeme umwite fundi.

Waya wa ardhi usikosekane, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja, kwa kawaida cha miliampea 30, maana jikoni maji na chuma hukaa pamoja. Swichi ya kuzimia jiko iwe pembeni, mahali mkono unapofika upesi, kamwe isiwe juu ya sahani: mafuta yakishika moto hutaweza kuifikia bila kupitisha mkono kwenye ndimi za moto. Na kama kuta hazijapigwa plasta, mwambie fundi aweke bomba pana la nyaya. Ukibadilisha jiko baadaye, waya mnene zaidi utapitishwa humo bila kubomoa ukuta.