Kamera ya gari si kosa, shida huanza ukiposti

Swali tunaulizwa sana ofisini siku hizi ni la hii kamera ya gari, ile unabandika kwa kioo cha mbele inarekodi barabara, watu wanataka kujua kama askari wa trafiki anaweza kukushika sababu yake. Kwa Kenya jibu ni hapana, hakuna sheria inakataza kuwa nayo wala kurekodi barabara ya umma, bora tu usiibandike mahali inakuzibia kuona mbele. Lakini wengi wakishasikia hiyo hapana wanakata simu, na mimi ndio nilikuwa naanza, maana watu hawaingii matatani wakiendesha, wanaingia jioni wako kwa sofa na simu mkononi.

Katiba ya 2010 kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha, halafu tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayosema chochote kinachoweza kukutambulisha ni data yako binafsi, sura, sauti, hata namba ya gari ikikuelekezea. Sasa mtu akisoma hivyo anashtuka, ati niombe ruhusa kwa kila bodaboda anayenipita Githurai? Hapana bwana. Kifungu cha 51 kimeacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, so ukirekodi ya kujikinga tu, klipu ikikaa kwa memori kadi mpaka siku ya bima, endelea na safari yako.

Ukiitupa TikTok na namba ya gari inaonekana, na uso wa yule mama aliyekuwa anavuka, na juu yake umeandika "mwizi huyu", kwa maoni yangu hapo umetoka kwa mambo ya nyumbani. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga baa moja Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Ni kweli hao ni wafanyabiashara na wewe uko na Probox yako tu, lakini kama akaunti yako inakuletea pesa, hiyo ni biashara pia na kifungu cha 37 kinataka ridhaa ya mwenye sura. Aliyepostiwa anaweza kupeleka malalamiko, yanachunguzwa ndani ya siku 90, na fidia anaweza kupewa. Kublur uso na namba inachukua dakika mbili!

Madereva wa teksi za app, nyinyi kamera yenu mara nyingi inaangalia ndani pia na maiki iko on, abiria anaongea na simu mambo ya ndoa yake na yote inaingia. Mwambie kuna kamera, bandika karatasi kwa mlango, na sauti zima kama huihitaji. Kampuni za usafiri, hata ndogo, zinatakiwa zijisajili kwa Kamishna.

Askari je? Akiwa kazini barabarani unaweza kumrekodi, usimzuie kazi tu, na hakuna sheria inampa nguvu ya kukuambia ufute. Kambi za jeshi ni hadithi nyingine, kuna Sheria ya Siri za Serikali, hapo usijaribu. Na usishike simu ukirekodi huku gari inatembea, hiyo ni faini ya 2,000 hata kama uko na haki kwa yote mengine.

Sasa ushahidi, na hapa ndio watu wanalia. Mahakama inakubali video, lakini Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti, yaani maandishi yenye sahihi yanayoeleza kifaa ni gani na rekodi ilipatikana vipi. Magari mengi yetu yametoka Japani na kamera ikiwa ndani tayari, inakusalimia Kijapani asubuhi na saa yake bado ni ya kule, masaa sita mbele, so umegongwa saa nane mchana, jua linawaka, na video imeandika 20:00. Wakili wa upande ule mwingine atakaa hapo nusu saa. Halafu kadi ikijaa inajiandika juu yake yenyewe, ukiendelea kuendesha siku mbili tatu baada ya ajali klipu imeenda, kwa hivyo toa kadi siku hiyo hiyo na uweke bahasha. Ukimtumia mtu wa bima kwa WhatsApp sawa, lakini ile ya asili usiiguse, WhatsApp inaibana inapoteza ubora.

Na ile saa, kama menyu yote ni Kijapani, elekeza kamera ya simu yako kwa skrini na app ya kutafsiri utaona palipoandikwa tarehe.