Kanuni ya Ohm Kupitia Tovuti Nne

Kazi yangu hapa Dodoma ni kufundisha matumizi ya TEHAMA katika kujisomea, na wanaonijia ni wanafunzi wa sekondari wa Nkuhungu na Kizota, walimu kutoka Bahi na Kongwa, na watumishi wanaojiendeleza baada ya saa za kazi. Karibu wote huanza kwa kuuliza tovuti ipi ni bora. Huwajibu kwamba kila tovuti ilijengwa kwa kazi yake, na anayenufaika ni yule anayejua ahame lini na ahamie wapi.

Tuchukue kanuni ya Ohm, ile ya fizikia inayounganisha volti, mkondo wa umeme na ukinzani, ambayo huwasumbua wengi. Mwanafunzi aanze na kitabu cha kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ili ajue mtaala unamtaka afike wapi, kwa maana asiyejua mpaka huo huzama katika video za kigeni hadi bando likaisha. Kisha aende PhET, tovuti ya majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Humo ataongeza ukinzani kwa kidole chake na kuona katika fomula herufi ya mkondo ikisinyaa huku ya ukinzani ikivimba. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wameikariri fomula tu wakinyamaza mbele ya picha hiyo, wakiirudia mara tatu, mara nne, na kwangu huo ndio wakati somo linapoingia. Baada ya hapo afanye mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya masomo na mazoezi, ambako akikwama hupewa madokezo hatua kwa hatua, halafu ajipime kwa mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani.

Lugha nayo inahitaji mpango. Mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na fizikia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo namshauri awe na daftari la istilahi, neno la Kiswahili kando ya lile la Kiingereza, alijaze kila anapohama tovuti.

Mahali ambapo mtandao ni hafifu, mwalimu anaweza kupakua majaribio ya PhET akiwa mjini na kuyafungua shuleni bila intaneti. Programu ya Kiwix humwezesha kubeba Wikipedia kwenye flashi, na ile ya Kolibri huifanya kompyuta moja igawe masomo kwa vifaa vilivyo karibu nayo.

Neno «bure» pia lina viwango. Chuo cha MIT cha Marekani, kilichotangaza OpenCourseWare, tovuti yake ya kozi, mwaka 2001, hutoa maandiko ya kozi zake bila kujisajili na bila cheti, chini ya leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya mwenye haki, inayoruhusu kunakili na kutafsiri kwa matumizi yasiyo ya biashara, mradi chanzo kitajwe. Kwenye Coursera, tovuti ya kozi za vyuo mbalimbali, cheti kwa kawaida hulipiwa. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuwatolea wanafunzi nakala asome kwanza leseni ya tovuti husika, ambayo mara nyingi huandikwa chini kabisa ya ukurasa.