Shokapu hazijafa, kwanza niambie inalia wakati gani

Gari ya tatu ndani ya wiki mbili inaletwa gereji kwangu kwa kesi ya shokapu. Safari hii SUV nyeusi, haijamaliza kilomita 4,000, ndani bado inanukia ngozi mpya, mwenyewe mzee wa heshima kabisa wa hapa Shangani, Mtwara. Kashuka, nimempa shikamoo, marahaba haijaisha mdomoni: "Fundi, shokapu hizi, wamenipiga. Toa zote." Namuuliza mzee wangu, nani kakwambia ni shokapu? Kaambiwa na dereva wake. Dereva kaambiwa na kijana anayeosha magari. Na wote watatu wanaamini kitu kimoja ambacho nimekisikia mpaka kichwa kinauma, kwamba gari mpya ya bei mbaya hailii, ikilia tu ujue ni mbovu, na kama inagonga basi ni shokapu.

Si kweli jamani. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ikifa, gari inayumba kama dhau, ukipita tuta inadunda mara mbili tatu, tairi inalika kwa mabaka, na mara nyingi ukiiangalia utaikuta imelowa oili. Kugonga inaweza kugonga, sikatai, ila ni mtu wa mwisho kwenye foleni ya washukiwa, nyie mnamkamata wa kwanza. Gari ya mzee haikuwa na dalili hata moja. Nimeingia chini na tochi, dakika ishirini, nakuta ile kava ya plastiki inayofunika injini kwa chini imeachia klipu mbili, kapita nayo vumbi la kwenda Newala, sasa kila akikanyaga shimo kava inapiga fremu, ko ko ko. Klipu mbili tu. Ningemsikiliza dereva saa hizi miguu yote ya mbele, yaani shokapu na vyuma vinavyoshika magurudumu, ingekuwa sakafuni na mlio uko palepale.

Sasa kwanini gari ya bei ndiyo inaonekana inalia zaidi? Vioo vyake vina tabaka mbili na utando katikati, milango ina raba mbili mbili, zingine mpaka tairi zina sponji kwa ndani, yote hayo kufukuza mlio wa injini, upepo na lami. Ukishaondoa kelele kubwa, zile ndogo ndio zinapata nafasi. Ni kama Mikindani usiku umeme umekatika, unasikia mpaka kasia linavyogusa ubavu wa ngalawa, kasia halijaanza kugonga leo, ila leo ndo kimya. Kwenye Noah iliyochoka huyo mzee asingeisikia ile kava mpaka idondoke barabarani.

Afu miguu yenyewe. Gari nyingi za kawaida mbele zina amu moja ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, shokapu imesimama juu yake, basi. Hizi kubwa gurudumu moja linaweza kushikwa na amu nne au tano, kila amu ina bushi (kile kipande cha raba kwenye maungio) na bolijointi (kiungo cha chuma chenye kichwa cha duara) yake, hesabu viungo vya magurudumu manne uone. Ndo maana inateleza vizuri hivyo barabarani, na ndo maana pa kutokea mlio ni pengi.

Kwa hiyo mimi mtu akija simuulizi inalia nini. Namuuliza inalia lini. Asubuhi ikiwa ya baridi au mpaka ipate moto? Ukikanyaga breki au ukiachia? Ukikata kona ya kushoto au ya kulia? Kwenye rasta tu au hata lami nyoofu ya Mnazi Mmoja? Mwendo ukiongezeka mlio unaongezeka, au unafuata injini? Maana mlio unaofuata magurudumu na mlio unaofuata injini ni vitu viwili tofauti kabisa, ukiwa spidi 60 weka nyutro sekunde mbili barabara ikiwa tupu, injini ikishuka na mlio ukabaki vilevile basi achana na injini. Vuuu inayoongezeka ukikata kona ya kulia na kupungua ukikata ya kushoto, hapo nawaza beringi ya kushoto, ule upande ndo unabebeshwa uzito. Tak tak tak ukikata stelingi yote na kukanyaga mafuta, sivijointi, kile kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Ila tairi iliyolika vibaya inaunguruma kama beringi kabisa, nimeshabadilisha beringi isiyo na ubovu wowote kwa sababu ya tairi na yule mteja nilimrudishia hela yake, tangu siku ile nabadilishana tairi za mbele na nyuma kwanza, mlio ukihama nao basi jibu tumelipata bure.

Lugha yetu yenyewe inasaidia sana ukimwacha mtu aseme kwa mdomo wake. Ko ko ko ni kitu kimelegea kinagonga kingine. Kwiii kwiii ni vitu viwili vinasuguana, vinashikana kidogo, vinateleza, vinashikana tena, haraka haraka, ndo ule mlio unazaliwa. Hivi viwili matibabu yake hayafanani. Cha kwanza unakaza au unabadilisha, cha pili unatenganisha au unalainisha. Dashibodi inayolia kwi kwi saa nane mchana na jua la Mtwara na asubuhi imenyamaza, hiyo ni plastiki imetanuka inasugua jirani yake, kipande cha kitambaa cha felti kinamaliza kesi.

Kuna milio ambayo ni gari inafanya kazi yake, nitaipitia haraka maana hii nimeshawaambia watu mpaka basi. Umepaki, umezima, dakika kumi baadae inanguruma chini kwa nyuma: kompresa ya saspensheni ya upepo inasawazisha gari. Feni inazunguka injini imezimwa: inapoza, iache. Tiki tiki tiki ya haraka kwenye injini ya petroli inayopiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda: injekta na pampu ya presha kubwa, ndivyo zilivyo. Dizeli mpya imepandisha sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) yenyewe na kuna harufu ya moto: inachoma masizi kwenye chujio la ekzosti, usiizime katikati kama unaweza, endesha. Asubuhi breki za kwanza zinakwaruza: disku ni chuma kitupu na hewa yetu ina chumvi, ukilala na gari karibu na bahari usiku mmoja kutu nyepesi inatosha, breki tatu nne inafutika. Ikiendelea kukwaruza mpaka sokoni, hapo njoo. Na nyie mnaokwenda Msimbati kula upepo mnafunga difu (magurudumu yazunguke kwa mwendo mmoja) kwenye mchanga afu mnasahau kuifungua, mnarudi lami gari inagoma kona inaguna, hiyo sio mbovu, mnaiua wenyewe.

Na kuna vitu vya melini. Gari mpya kabisa kutoka kiwandani mara nyingi inasafirishwa springi zikiwa zimewekewa vipande vya kuzuia isidunde ndani ya meli, na tairi zimejazwa upepo kupita kiasi zisikae umbo la bapa kwa kusimama wiki nyingi. Vyote hivyo muuzaji anatakiwa avitoe na kurekebisha kabla hujakabidhiwa ufunguo. Nimeshaikuta gari hapa Mtwara, imetembea kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500, vipande bado vipo kwenye springi za mbele, mwenyewe analalamika gari ya mamilioni inagonga kama trekta. Nilivitoa kwa mkono. Upepo kasome stika ya nguzo ya mlango wa dereva, namba ipo pale, sio ile ya kijana wa pancha anayejaza 45 kila gari inayopita.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonitoa machozi kabisa. Oili chafu.

Huku pwani mtu akinunua gari, cha kwanza anaambiwa ni kupiga dawa chini, chumvi isile chuma. Wazo ni zuri. Ila dawa yenyewe ni oili chafu iliyochanganywa na dizeli, inapulizwa chini kote, amu, bushi, mifuko ya upepo, kila kitu. Na kwa miezi miwili mitatu kweli gari inakuwa kimya! Bushi iliyokuwa inalia kwii imepata ulaini, mwenye gari anafurahi, anamleta na shemeji yake. Afu mwezi wa nne wa tano gari inaanza kugonga kila mahali na hapo ndo wanakuja kwangu kusema gari mpya siku hizi hazina kitu.

Bushi nyingi za miguu zinatengenezwa kwa raba ya asili, kwa sababu raba ya asili inavumilia kujikunja na kurudi mamilioni ya mara bila kuchanika. Lakini raba ya asili na mafuta ya petroli ni maadui. Inayanywa mafuta, inavimba, inakuwa laini kama maandazi yaliyolowa chai, inaachana na chuma ilichogundishwa nacho. Kuna kijana wangu gereji aliniuliza swali zuri sana: "Kaka, mbona sili ya injini nayo ni raba na inaogelea kwenye oili miaka kumi?" Ndiyo, ila ile ni raba nyingine, kama nitrili, imeundwa kiwandani kwa ajili ya kuishi na mafuta. Kwa macho zinafanana, zote nyeusi zote raba, na hapo ndo watu wote wanapopotea. Nazungumza kwa uchungu maana bushi za hizi gari zingine ndani yake zina maji maalum ya kuzuia mtikisiko, ikipasuka haina ukarabati, na kuna gari bushi haiuzwi peke yake, unanunua amu nzima.

Ukitaka kujua bushi ipi inalia, chukua chupa ya maji ya kawaida. Mmoja anaitikisa gari, mwingine anamwagia maji bushi moja moja. Ile ukiimwagia mlio ukakata kwa dakika chache, umeipata. Maji yanakauka, raba haijadhurika, hela haijatoka. Ukitaka kulainisha kwa muda tumia grisi ya silikoni, hiyo raba haina ugomvi nayo. Na chuma cha chini kipigwe dawa ya kutu yenyewe, raba zikiwa zimefunikwa, na kila ukitoka ufukweni osha chini kwa maji yasiyo na chumvi.

Na mafundi wenzangu, hili ni letu. Bushi iliyogundishwa haizunguki, inajikunja. Ukiifunga na kuikaza nati gari ikiwa kwenye jeki miguu inaning'inia, umeifungia ikiwa imelala vibaya. Ukiishusha gari chini raba tayari imejikunja kabla hata haijatembea, na kila tuta inajikunja zaidi, miezi miwili imechanika, afu unasema spea feki. Fungisha nati kidogo, shusha gari ikanyage chini uzito wake wote, kwa gari ya saspensheni ya upepo subiri ifike kimo chake cha kawaida, ndo ukaze ya mwisho. Najua ni kero kuingia chini hakuna nafasi. Ingia.

Nikiri pia, kuna milio sijawahi kuijua. Kuna gari nilikaza kila bolti niliyoiona chini, mlio ukaisha, mpaka leo sijui ilikuwa bolti ipi, na hiyo hainipi raha kwa sababu ikirudi nitaanza upya. Mashine ya kupimia nayo inasoma kompyuta ya gari, haina masikio, kava iliyoachia klipu haiandiki kosa lolote, kwa hiyo anayekwambia "mashine imesema gari nzima" wakati unasikia inagonga hajakujibu. Na gari ikiwa bado ndani ya waranti mimi sifungui kitu kikubwa, mlio urekodi kwa simu, andika tarehe na kilomita, mtumie muuzaji kwa maandishi mapema, hata kama yuko Dar na wewe uko Tandahimba. Ila stelingi ikigonga, breki ikisaga chuma kwa chuma, au mlio umekuja pamoja na taa nyekundu ya oili, usisubiri jibu la mtu, simama hapo hapo.

Sasa hivi nina gari moja ya mama mmoja mwalimu wa Ligula, sedani nzuri kabisa, ina tik moja tu, sio mbili, akiwasha asubuhi na kutembea mita kama hamsini za kwanza. Siku nzima haisikiki tena. Pedi zinapojipanga upya kwenye breki baada ya kubadilisha kwenda nyuma na mbele zinaweza kutoa tik ya hivyo, lakini nimemwambia atoke kwenda mbele tu na bado ipo. Nimemwomba ailaze gereji leo, ufunguo ninao, kesho kabla jua halijatoka kijana atatembea pembeni ya gurudumu la nyuma na mimi nitaiendesha taratibu vioo vimeshushwa.