Kufunga sio kuacha vidonge: dhana zetu kina mama kuhusu sala na afya

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Ijumaa Kuu iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu huku Nkuhungu alianguka kwenye Njia ya Msalaba, tena kituo cha tisa, palepale Yesu anapoanguka mara ya tatu, saa saba mchana na jua la Dodoma mnalijua wenyewe. Tukambeba mpaka kwenye kivuli cha mwarobaini, kumbe tangu jana yake usiku hajagusa maji na vidonge vya presha kaviacha nyumbani makusudi, eti leo nimefunga. Alipozinduka cha kwanza akaanza kuomba msamaha kwamba kaharibu ibada, yani anaomba msamaha!

Sasa tuanze na hiyo hiyo, maana ndo kubwa kuliko zote: "ukifunga hata maji hunywi". Sio kweli. Kwa sheria ya Kanisa siku za lazima za kufunga ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hizo siku unakula mlo mmoja wa kushiba na nyakati zingine mbili unaruhusiwa kula kidogo, nyama ndo huli. Maji hayajakatazwa popote, dawa ndo kabisaa. Halafu sheria yenyewe inambana mwenye miaka 18 mpaka anapotimiza 59, na mama yetu ana 63 jamani, alikuwa hadaiwi kufunga! Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha nao hawabanwi.

Mi nadhani tumeyarithi kwa bibi zetu, na bibi hawakukosea, enzi zao anayetaka kukomunika alikuwa hali wala hanywi tangu saa sita usiku, hata tone la maji. Mwaka 1953 Papa Pio XII akaruhusu maji, 1957 chakula kikawa cha kuacha saa tatu kabla, na 1964 Papa Paulo VI akashusha ikawa saa moja, tena saa moja kabla ya kupokea komunyo sio kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa unakunywa muda wowote. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hata hiyo saa moja haiwabani. Sheria ilibadilika ila maneno ya bibi yakabaki jikoni.

Wenye sukari ndo nawaomba zaidi, usijipunguzie dozi mwenyewe wala usinywe dawa au kuchoma insulini halafu ukakaa na njaa, sukari inaweza kushuka ghafla ukapoteza fahamu. Uliza kliniki kabla Kwaresima haijaanza, na kama umeambiwa usifunge chakula basi funga kingine, simu, tamthilia, umbea (wangu naujua).

Nyingine naisikia sana kwa dada zetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania: "Rozari ni ya kupiga magoti, kutembea nayo barabarani ni dharau." Hamna kitu kama hicho, Rozari unasali umekaa, umelala kitandani unaumwa, upo kwenye daladala, au unatembea. Mi magoti yangu yalishaanza kulia kwa hiyo asubuhi saa kumi na mbili natoka na tasbihi mkononi, nazunguka mitaa ya huku kabla bodaboda hawajachangamka. Makumi matano ni kama dakika 20, ukiweka na Litania ya Bikira Maria na nia zako za watoto na madeni inafika nusu saa bila kuangalia saa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, sasa nusu saa mara siku tano piga hesabu mwenyewe. Mwendo uwe ule wa kuharakisha kidogo, unaweza kutamka Salamu Maria vizuri ila wimbo wa Bikira Maria unakushinda katikati. Ukiona unaimba mpaka ubeti wa tatu, ongeza hatua 😂

Ila tusivuke mpaka tukaanza kusema Rozari inatibu presha. Kuna utafiti wa Italia uliotoka 2001, watu 23 wenye afya zao, wakasali Rozari kwa Kilatini na pumzi zao zikashuka mpaka kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakakaa kwenye mpangilio mzuri. Inapendeza, na inaeleza kwa nini mtu anatoka kwenye Rozari katulia. Kidonge chako cha presha lakini unameza kama kawaida.

"Kwenda kupima ni kukosa imani", hii nitaipita haraka. Fungua Yoshua bin Sira sura ya 38, imeandikwa mheshimu tabibu, na kwamba dawa Bwana ndiye kaziumba kutoka ardhini. Kapime mlango wa kizazi, ni dakika chache, na novena yako endelea nayo.

Hili la kupungukiwa damu nalo tunalichukulia poa, "wanawake ndo tulivyo". Sio tulivyo mama, mara nyingi ni madini ya chuma hayatoshi, na uchovu ule unaokufanya usinzie kwenye sala ya jioni ukadhani shetani anakujaribu unaweza kuwa ni damu tu. Nenda wakupime. Nyumbani chakula tunacho, mlenda, kunde, maharage, dagaa, na ugali wa uwele tunaouona wa kijijini. Ongezea juisi ya ubuyu, ule unga mweupe sio ule mwekundu wa rangi na sukari, maana vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye mboga. Chai inafanya kinyume, inakizuia, kwa hiyo isiwe pamoja na chakula, iache kama saa moja.

Na maji jamani, kwa upepo na ukavu wa hapa. Mi simu inaita saa sita mchana ya sala ya Malaika wa Bwana, nikimaliza nakunywa glasi mbili palepale, siku ambayo sijasali huwa nagundua na maji sijanywa. Ila hiyo ya chai sijaiweza, jumuiya yetu tukimaliza tu kusali birika na maandazi vinatoka pamoja na sahani ya maharage, na mwenye nyumba ukimkatalia chai ananuna.