Dispacha wa Polisi Si Mpokea Simu

Dispacha wa polisi ni mtu anayekaa katika chumba cha mawasiliano, anasikia taarifa ya dharura, anaamua ni askari yupi anayeweza kuifikia, anamtoa, kisha anabaki naye kwenye simu ya upepo mpaka askari huyo aseme kwamba amerudi salama. Kwa maana yenyewe, sentensi hiyo inatosha. Kilichonikalisha kuandika ni namna neno hili linavyotumika miongoni mwetu, na hasa miongoni mwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambako limeingia katika Kiswahili kupitia mlango wa malori. Dereva wa lori ana dispacha wake anayemtafutia mzigo, anayebishania bei na kukata asilimia yake, na kwa hiyo ukitaja kwamba binti fulani ameajiriwa kuwa dispacha wa polisi huko Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, utasikia mtu akiuliza kwa dhati kabisa anakata asilimia ngapi. Wasiojua malori hukosea kwa upande wa pili: wao husema anapokea simu. Mara ya mwisho nililisikia hilo karamuni, kutoka kwa mzee ninayemheshimu, na kwa kuwa mzee hakosolewi mbele ya sahani ya pilau, niliyoyanyamazia siku ile nayaandika leo.

Tuanze na neno. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, kutoka Kihispania despachar au kwa ndugu yake wa Kiitalia dispacciare, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kuliharakisha jambo lisilale. Wachunguzi wa asili za maneno hawajaafikiana kuhusu mzizi wake wa mbali, lakini maelezo yanayotajwa zaidi huliweka kuwa kinyume cha kitenzi kingine cha lugha za ukoo huo, empachar, ambacho ni kuzuia au kukwamisha. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana hapo, maana lugha yetu hufanya kazi hiyohiyo kwa kubadili mwisho wa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, kwama na kwamua. Dispacha, kwa asili hiyo, ni mkwamuaji. Jambo limekwama mahali fulani kwa sababu aliye na shida na anayeweza kumsaidia hawajuani na hawaonani, na yeye ndiye anayelikwamua. Katika asili hiyo hakuna simu wala hakuna kupokea.

Sasa tazama kitenzi chetu cha kutuma, ambacho wafasiri hukikimbilia. Ni kitenzi cha kale, na mzizi wake unasikika katika lugha nyingi za Kibantu, kutoka Kiganda hadi Kizulu. Kimezaa ukoo mkubwa: mtume, mtumwa, mtumishi. Hao wote ni watu wanaokwenda au wanaotumika. Aliyebaki nyuma, yaani mtumaji, hakupewa heshima kubwa katika msamiati wetu. Leo tunamkuta kwenye ujumbe wa kupokea fedha, kwenye bahasha, na redioni miongoni mwa watuma salamu, ambao wakishazituma kazi yao imekwisha. Tena mtumaji wa kale alikuwa bwana, na aliyetumwa hakuwa na la kusema. Dispacha wa polisi hayupo katika mojawapo ya sura hizo mbili. Kwa kawaida si askari, bali ni mtumishi wa kiraia asiye na bunduki wala cheo cha kumwamrisha koplo. Hata hivyo koplo huyo hutoka kwa sauti yake, na sauti hiyo haimwachi njiani. Kwa hiyo neno mtumaji humpunguzia dispacha kazi na papo hapo humzidishia mamlaka, na ndiyo maana silipendi likiachwa peke yake.

Nimetaja Yellowknife makusudi, kwa kuwa tofauti ninayoipigania huonekana vizuri zaidi mahali ambapo watu ni wachache na nafasi ni kubwa. Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada yana zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, kwa hiyo yanaizidi Tanzania kwa ukubwa, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu takriban 41,000, ambao hawawezi kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa. (Msomaji wa pwani na avumilie neno kaskazini hapa, upepo wake si kaskazi ya Januari iletayo majahazi, na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri si jambo la ajabu kule.) Watu hao wameenea katika makazi 33, kuanzia mji wa Yellowknife hadi vijiji visivyofikisha watu mia. Jeshi la polisi ni moja tu, RCMP, yaani Polisi wa Kifalme Wapanda Farasi wa Kanada, ambao asili yao ni kikosi kilichoundwa 1873, na chumba chao cha mawasiliano kiko Yellowknife. Farasi wamebaki kwenye gwaride.

Kabla ya tarehe 4 Novemba 2019, maeneo hayo hayakuwa na namba 911, ile namba moja ya dharura zote. Kila kijiji kilikuwa na namba yake ya polisi: tarakimu tatu za mwanzo za kijiji, kisha 1111; ya zima moto iliishia kwa 2222. Mgeni aliyepatwa na msiba barabarani alilazimika kwanza kujua yuko karibu na kijiji gani. Tangu siku hiyo, anayepiga 911 hupokelewa, huulizwa anahitaji msaada gani, na akihitaji polisi huunganishwa na chumba cha RCMP. Mpokea simu, basi, yupo kweli, naye ana kazi yake inayostahili heshima; ila ni mtu mwingine, na mahali pengine. Wale wanaosema mtu ameongea na 911 wakimaanisha ameongea na polisi wanachanganya namba na watu.

Nakiri kwamba kosa lina chanzo chake. Ndani ya chumba cha polisi mtu yuleyule anaweza kushika simu kwa sikio moja na simu ya upepo kwa jingine, na anayemtazama kupitia kioo ataona mtu anayepokea simu. Lakini sikiliza anachouliza. Katika kijiji kidogo askari hawashindi zamu usiku kucha. Baada ya saa za kazi wako nyumbani, wamelala, huku mmoja akiwa wa kuitwa. Kumtuma askari huyo ni kumwamsha kwanza, kumweleza akiwa bado na usingizi ni nyumba gani, nani yumo, kama kuna silaha, kama kuna mlevi au mtoto, na kukumbuka kwamba askari wa pili, akihitajika, naye lazima aamshwe. Wakikosekana wote wawili, msaada unaofuata unaweza kuwa katika kijiji kingine kinachofikiwa kwa ndege tu, nayo ndege hungoja hali ya hewa.

Kuna vijiji ambavyo havina kituo cha polisi kabisa. Tsiigehtchic ni mfano ninaoupenda. Jina hilo la Kigwich'in, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, humaanisha mlango wa mto wa chuma, na kijiji kiko pale Mto Arctic Red unapoingia Mto Mackenzie. Askari wake hutoka Fort McPherson. Kiangazi huvuka kwa pantoni, na katikati ya majira ya baridi hupita juu ya mto wenyewe, kwenye barabara ya barafu. Lakini kuna wiki za vuli ambapo barafu haijashika, na wiki za masika ambapo inavunjika, na katika wiki hizo pantoni haipo na barabara haipo. Anayepokea simu kutoka Tsiigehtchic ataandika saa, jina na shida. Dispacha anatakiwa ajue leo mto uko katika hali gani, kwa sababu tarehe ndiyo inayoamua kama askari atafika kwa gari au itafutwe njia nyingine, na aliyepiga simu hatakumbuka kumwambia.

Anatakiwa ajue pia majina mawili ya mahali pamoja. Tsiigehtchic iliitwa Arctic Red River hadi miaka ya 1990, Behchokǫ̀ iliitwa Rae-Edzo hadi 2005, na mzee aliyeshtuka usiku hutaja jina alilokulia nalo. Lugha rasmi za maeneo hayo ni 11, tisa kati yake zikiwa za wenyeji wa asili, na huduma ya 911 ina wakalimani. Bado mkalimani hufasiri maneno, haonyeshi njia. Mara nyingi anwani ni rangi ya nyumba na jina la aliyekuwa akiishi humo zamani. Sisi tuliozoea kuelekezana kwa mwembe, duka na kwa mama fulani tunajua kwamba maelekezo hayo ni kamili kwa anayepajua tu.

Askari akishatoka, ndipo kazi ambayo neno mpokea simu haliigusi kabisa inapoanza. Dispacha humwita kila baada ya muda fulani kumuuliza kama yu salama, na ukimya una maana yake, nayo ni lazima ifuatiliwe. Mwindaji akichelewa kurudi na pikipiki yake ya theluji, ni polisi hao hao wanaosimamia utafutaji wa nchi kavu, na maswali hubadilika: alielekea wapi, alibeba mafuta kiasi gani, ana kifaa cha setilaiti au hana. Mwezi Agosti 2023, moto wa nyika ulipokata mawasiliano ya Hay River na Fort Smith, na siku chache baadaye Yellowknife nzima ikaamriwa kuhama, ilionekana wazi jinsi simu zenyewe zilivyo dhaifu kule. Simu zikinyamaza, mpokea simu anabaki bila la kufanya. Kwa dispacha mzigo huongezeka, kwa sababu ana askari waliokwisha kutoka, na njia za kuwapata zimepungua.

Sidai kwamba tuunde neno jipya. Dispacha limekwisha zoeleka, na likifuatwa na wa polisi au wa malori, hakuna atakayeuliza habari za asilimia. Anayetaka Kiswahili kitupu anaweza kusema mtuma askari, kwa umbo lilelile la mtuma salamu, mradi akumbuke kwamba huyu akishatuma hajamaliza. Na mzee wangu wa karamuni, nikijaliwa kukutana naye tena, nitamwamkia kwanza, kisha nitamwambia kwamba binti yule anapokea simu, ndiyo, kama nahodha anavyoshika usukani. Ila mzee, sisi hatumwiti nahodha mshika usukani.